Kiangazi cha Kliniki ya Mawe

Jumatatu, 6 Januari

Nimerudi kambini leo, miaka minne baada ya kustaafu nikiwa mkuu wa wauguzi. Kamanda alinipigia simu mwenyewe wiki mbili zilizopita. Alisema: "Mama, nina askari wanaopita kwenye risasi bila kupepesa macho, lakini jiwe dogo kama punje ya mchele linawalaza chini wakilia." Mwaka jana askari tisa waliachishwa kazi kwa sababu ya mawe kwenye figo, na mmoja wao figo yake ilitolewa kabisa kwa kuwa alichelewa.

Kazi yangu ni kuanzisha kliniki ya mawe. Hospitali kuu ya mjini ina mashine inayovunja mawe kwa mitetemo, bila kumpasua mtu. Inasafirishwa kwa lori. Tumeahidiwa mashine hiyo kwa siku tano, kuanzia tarehe 3 Machi, kwa sharti moja: kabla ya saa kumi alasiri ya tarehe 20 Februari tuwe na wagonjwa wasiopungua thelathini waliojiandikisha. Wakipungua, mashine itapelekwa kambi nyingine na kliniki itafungwa.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya buti. Bado kinanuka ngozi na kiwi. Kina madirisha mawili, moja halifunguki, na kitanda chenye magurudumu manne ambayo matatu kati yake yanatii. Msaidizi wangu ni Koplo wa makamo, muuguzi hodari na mcheshi kupita kiasi. Alikuwa ameandika kibao cha mlangoni: KLINIKI YA WAGOJWA WA MAWE. Nimemfanya akiandike upya. Nimemsikia akimwambia mlinzi, "Mama Nukta amerudi, jipangeni." Jina hilo nalijua tangu zamani, nilipokuwa nikirudisha ripoti zisizo na nukta. Sijawahi kulikataza.

Jioni mkwe wangu alikuja kunisalimu. Ni mume wa binti yangu wa pekee, Sajini mkufunzi wa makuruti hapa kambini. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Magoti yanaendeleaje?"

"Yananibeba."

Kisha tukaishiwa. Miaka sita ya ndoa yao, hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo. Ni heshima, na mimi sioni kasoro yake.

Jumanne, 7 Januari

Joto. Tumeosha chumba mara mbili. Bado buti.

Alhamisi, 9 Januari

Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alikuja kutoka mjini kwa mara ya kwanza. Atakuja kila Alhamisi. Alichelewa dakika arobaini. Ni mwanamke mwenye umri wa binti yangu, anacheka kwa sauti ya kusikika uwanjani, na viatu vyake havijaonja kiwi tangu vinunuliwe. Alikaa juu ya meza yangu. Nilimwonyesha kiti. Alisema, "Asante Mama, nipo sawa," akaendelea kukalia meza.

Sikuridhika naye. Hata hivyo, aliyoyasema yalikuwa na maana. Kila askari mwenye maumivu ya ubavu yanayoshuka kuelekea kinena apimwe mkojo na apigwe picha. Kila mwenye jiwe dogo apewe chujio la chai, akojolee humo, jiwe likitoka alilete. Jiwe likichunguzwa linasema limetokana na nini, na hapo ndipo unapojua namna ya kuzuia jingine.

"Na Mama," aliniambia akiwa tayari ndani ya gari, "ukikuta mwenye jiwe na homa pamoja, usiningoje Alhamisi. Hiyo haingoji hata chai."

Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Jumatatu, 13 Januari

Nilipeleka stoo kuu ombi la machujio ya chai hamsini. Mtunza stoo aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, mnafungua mgahawa?"

"Tunafungua kliniki."

"Machujio hamsini! Vikombe je?"

"Vikombe mnavyo. Na nakushauri kuanzia leo usichanganye."

Aliponielewa, alisukuma kikombe chake cha chai mbali. Nimepata machujio arobaini na manane.

Alhamisi, 16 Januari

Wiki nzima wamekuja wanne. Leo tumebaki na watatu, kwa sababu mmoja alipoitwa na Bingwa alikana. "Mimi? Koplo aliniandika kwa utani tu." Ana jiwe. Nimeiona picha kwa macho yangu.

Nilimuuliza Koplo wengine wako wapi.

"Wapo, Mama. Ukipita vyooni asubuhi utasikia watu wanaimba. Si furaha ile, wanaficha vilio."

"Kwa nini hawaji?"

"Ukija hapa unaonekana mgonjwa. Ukionekana mgonjwa unapelekwa bodi ya afya. Ukifika bodi unarudi nyumbani na sanduku. Nani aje?"

Ijumaa, 17 Januari

Nilikwenda kwa Kamanda bila miadi. Nilimwambia kwamba sitaweza kupata thelathini, wala kumi, ikiwa kila anayekuja kwangu anaona mlango wa kutokea jeshini. Nilitaka ahadi iliyoandikwa.

"Mama, hapa ni jeshini, si hospitali."

"Ndiyo, Afande. Lakini jeshi hili lina hospitali, na wewe ndiye uliyeniita."

Kisha akachukua karatasi. Tuliandika pamoja: askari yeyote atakayejiandikisha kwenye daftari la kliniki kabla ya saa kumi alasiri ya tarehe 20 Februari atatibiwa na kubaki kwenye kazi yake, wala hatapelekwa bodi kwa sababu ya mawe. Atakayegundulika baada ya hapo, bodi itaamua.

Mimi niliongeza sharti langu. Kila askari ajiandike mwenyewe, kwa mkono wake, jina lake na maumivu yake. Hakuna kuandikiwa. Sitaki tena kusikia habari za utani.

Jumatatu, 20 Januari

Ahadi ilisomwa kwenye gwaride. Hadi jioni wamejiandika saba. Mmoja aliandika kwenye safu ya maumivu: "Kama kuzaa." Nilimuuliza amezaa mara ngapi.

Ijumaa, 24 Januari

Kumi na mmoja. Jiwe la kwanza limepatikana kwenye chujio. Koplo ameliweka kwenye kichupa na kuliandikia namba. Mwenye jiwe alipiga saluti.

Jumatatu, 27 Januari

Vichupa vimefika vinne. Vimekuwa maonyesho. Dereva mmoja alikuja kutazama tu.

"Hili la nani?"

"La fundi wa magari," Koplo akamjibu.

"Dogo! Na kelele zote zile?"

Nina hakika kesho atakuja na lake.

Jumanne, 28 Januari

Bingwa alikuwa ameeleza sababu kubwa ya mawe hapa: joto, jasho na maji haba. Makuruti hufundishwa kwamba askari hodari hagusi chupa hadi mwisho wa safari. Anayefundisha hivyo kwa bidii kuliko wote ni mkwe wangu. Mwenyewe hanywi kabisa mbele ya wanafunzi wake. Mkufunzi anayekunywa maji, husema, ni dereva aliyelala kwenye usukani.

Nimeandika amri na Kamanda ameitia sahihi: "Kila askari atakunywa lita tatu za maji kila siku." Imesomwa leo jioni. Nimeridhika nayo. Ni fupi na haina neno la ziada.

Jumatano, 29 Januari

Haikuwa na neno la ziada. Ilipungukiwa na maneno.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliwakuta makuruti mia na ishirini wamepangwa uwanjani, kila mmoja na chupa mbili za lita moja na nusu miguuni. Mkwe wangu alikuwa mbele yao.

"Chupa juu!"

Chupa mia na ishirini zikapanda.

"Kunywa!"

Nilipiga kelele kutoka upande wa pili wa uwanja, lakini miguu yangu haikimbii tena, na sauti yangu haikumfikia. Walikunywa chupa ya kwanza. Akawapa dakika mbili. Wakanywa ya pili. Kumi na mmoja walitapika palepale kwenye mstari, bila kutoka kwenye mstari. Mmoja aliendelea kusimama vizuri, hadi nilipomuuliza namba yake akanitajia jina la mbwa wao wa nyumbani.

Maji mengi kwa mkupuo huzimua chumvi ya mwili, na ubongo ndio unaodai kwanza. Tulimlaza, tukamzuia maji, tukamwekea dripu ya chumvi, na Koplo akakaa naye akimuuliza namba yake kila baada ya dakika kumi. Saa nane mchana alimjibu kwa hasira, "Si nimekwisha kukuambia!" Tulifurahi wote wawili.

Nilimwita mkwe wangu. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni kama kawaida.

"Nani alikuambia wanywe zote kwa mara moja?"

"Amri haikutaja saa, Mama. Tulikuwa na matembezi ya kilomita ishirini, nisingeweza kusimama njiani. Nikaona tuimalize asubuhi, ili isiharibu siku."

Nilimkazia macho nione kama ananidhihaki. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa ametii nilichoandika, herufi kwa herufi, kwa usahihi ambao mimi mwenyewe nimewafundisha watu maisha yangu yote. Kosa ni langu. Nimemwambia Kamanda hivyo, na nimeliandika kwenye ripoti kwa jina langu.

Jambo jingine. Wakati anaondoka, aliushika mlango kwa mkono mmoja na ubavu wa kushoto kwa mkono mwingine. Alipumua mara mbili ndipo akashuka ngazi.

Alhamisi, 30 Januari

Nilimngoja Bingwa tayari kwa kulaumiwa. Alisoma ripoti yangu, akaketi juu ya meza.

"Mama, mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mgonjwa aache chakula chenye chumvi. Aliacha chakula. Alirudi baada ya wiki, nguo zinamvaa yeye."

Nilicheka. Sikukusudia.

Tukaiandika amri upya: kikombe kimoja kila saa, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, na mpiga tarumbeta apige mlio maalumu. Popote walipo, wakufunzi wapulize filimbi, askari wanywe. Na kipimo kisiwe maji yaliyoingia, kiwe rangi ya yanayotoka. Koplo ameomba rangi karakana ya magari na kuchora kadi za kubandika vyooni: ya kwanza nyeupe, ya pili ya majani makavu, ya tatu ya chai, ya nne ya kutu. Chini ya kutu ameandika, "Njoo tuzungumze." Hakukosea hata herufi moja.

Jumapili, 2 Februari

Binti yangu alikuja peke yake baada ya chakula cha mchana. Alizungukazunguka, akanisifia mapazia, ambayo ameyaona miaka yote. Nilimwambia aseme.

"Mama, mwenzangu anaumwa. Kila alfajiri anashika ukuta wa bafu. Juzi nimeona maji ya chooni mekundu. Anameza vidonge vya maumivu kama njugu."

"Tangu lini?"

"Ananiambia wiki mbili. Mimi naona miaka miwili."

"Mwambie aje kliniki."

"Nimemwambia! Anasema, 'Nikamweleze mama mkwe habari za mkojo wangu? Bora nife.' Na usimwambie kwamba nimekuambia."

Nimewauliza majenerali habari za mkojo wao, na wamenijibu. Lakini leo nimekaa na swali hili moja na sijui nilianze kwa neno gani.

Jumanne, 4 Februari

Nilimtuma Koplo kwa mkwe wangu, kama mtu anayepita tu. Amerudi.

"Anasema ni mgongo. Kiti cha lori."

"Amepanda lori lini? Anatembea kwa miguu kila siku."

"Ndivyo nilivyomuuliza, Mama. Akanipigisha pushapu ishirini."

Ijumaa, 7 Februari

Joto limezidi. Tarumbeta inalia kila saa, hata mbwa wa kambi wamejifunza kwenda kwenye bomba. Tangu siku ile ya chupa, hakuna aliyejiandika isipokuwa watatu. Jumla kumi na wanne.

Jumatatu, 10 Februari

Hakuna.

Alhamisi, 13 Februari

Kadi za Koplo zimefanya kazi kuliko hotuba zangu. Wapishi wawili, mpiga tarumbeta mwenyewe, na madereva watano wamekuja na neno moja: "Kutu." Jumla ishirini na wawili. Bingwa alifika kwa wakati. Nimeona pia kwamba wagonjwa anaowacheka ndio wanaomweleza yote, na wale ninaowanyamazia mimi wananieleza nusu.

Nilimuuliza, kama swali la kitabuni, mtu asiyetaka kusema afanyweje.

"Ni nani, Mama?"

"Mtu."

"Basi mtu huyo mwambie figo haina aibu. Inaziba tu."

Jumatatu, 17 Februari

Ishirini na watano. Nilimwona mkwe wangu kwa mbali, ameegemea mlingoti wa bendera. Nilifika katikati ya uwanja, nikarudi. Najilaumu ninapoandika.

Jumanne, 18 Februari

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali kuu, saa kumi na moja jioni. Nitaandika kwa utaratibu.

Saa saba mchana makuruti wanne waliingia mbio kliniki wakiwa wamembeba Sajini wao kwenye blanketi. Alianguka uwanja wa shabaha. Alikuwa anatetemeka kwenye jua linalokaanga mabati, meno yakigongana. Nilimshika paji la uso. Kipimajoto kikasema thelathini na tisa na nusu. Mapigo ya moyo mia na thelathini. Karatasi ya ukutani ilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu: jiwe na homa.

Niliwatoa wote isipokuwa Koplo.

"Mkojo wako ukoje?"

Aligeukia ukutani. "Ni mgongo, Mama."

"Umekojoa mara ya mwisho lini?"

"Mama, tafadhali. Nipe tu dawa ya homa. Nitamwona daktari Alhamisi."

"Alhamisi hutakuwepo."

Akafumba macho. Nilielewa kwamba mtu huyu atakufa kwa adabu. Atakufa mbele yangu akiwa na heshima zote. Na mimi nilikuwa nimemsaidia kwa wiki mbili, kwa kurudi nyuma katikati ya uwanja.

Nikavaa kofia yangu ya kazi, ambayo sikuwa nimeivaa kwa sababu ya joto. Nikasimama kwenye ncha ya kitanda.

"Sajini!"

Alifumbua macho.

"Humu ndani hakuna mama wa mke wako. Yupo Afande mkuu wa wauguzi, naye anataka ripoti. Toa ripoti!"

Miguu yake ikajinyoosha yenyewe kitandani. Alitazama dari, akasema kwa sauti ya gwaride, ingawa ilikuwa inatetemeka:

"Afande! Maumivu ubavu wa kushoto, siku ya tatu bila kukoma. Homa tangu jana. Mkojo kidogo, mwekundu, unachoma. Tangu miaka miwili, Afande."

"Vizuri. Endelea kupumua."

Koplo alikuwa amekwisha kupata mshipa. Tulichukua damu na mkojo wa kupima, kisha tukaanza dripu na dawa kali ya kuua vijidudu. Nilimpigia Bingwa. Nilimwambia maneno sita: "Jiwe, homa, kushoto, tunakuja na gari." Hakuuliza swali hata moja.

Kilomita arobaini, mimi nimeshika chupa ya dripu juu kwa mkono ambao daktari aliniambia nisiunyanyue. Njiani aliongea ovyo. Aliwahesabu makuruti wake. Alipofika sabini na tatu alikosa mmoja, akaanza upya.

Bingwa alikuwa amesimama getini, nje, kwenye jua. Viatu vilevile. Alipanda kwenye gari kabla halijasimama. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Aliniruhusu nisimame kando. Hakucheka, hakusema neno lisilo la kazi. Alipitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo, akapandisha mrija hadi kwenye figo, kupita pembeni ya jiwe, kwa mikono iliyotulia kama ya mshona vitambaa. Usaha ukatoka, mwingi kuliko nilivyowahi kuona.

"Saa tatu au nne zaidi," aliniambia baadaye akivua glovu, "tusingezungumza habari ya figo. Tungezungumza habari ya mazishi."

Nilimsaidia kuvua aproni. Sijamfanyia hivyo daktari tangu nikiwa mwanafunzi.

Jumatano, 19 Februari

Homa imeshuka. Kambini wamejiandika wawili. Jumla ishirini na saba.

Jioni nilimuuliza Kamanda juu ya hali ya Sajini. Alikuwa na masikitiko, lakini alikuwa na karatasi yetu mezani.

"Mama, ahadi inamlinda aliyejiandikisha. Huyu hakujiandikisha. Alibebwa. Kesho saa kumi ikipita, itabidi aende bodi kama wale wa mwaka jana."

Hakukosea. Karatasi ile niliiandika mimi.

Binti yangu alinisubiri nyumbani.

"Mama, andika tu jina lake. Daftari liko kwako. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ni mstari mmoja!"

"Wale ishirini na saba walikuja kwa miguu yao wakaandika kwa mikono yao, wakiamini kwamba daftari lile halisemi uongo. Nikimwandikia mkwe wangu, daftari zima ni utani."

"Wewe ni mama au ni daftari?" akauliza. Akatoka bila kuaga. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

Alhamisi, 20 Februari

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Kamanda.

"Afande, masharti yanasema ajiandike mwenyewe. Hayasemi ajiandike wapi. Naomba kibali cha kulitoa daftari nje ya kambi."

Aliisoma tena karatasi, polepole, akitafuta. Kisha tabasamu likamtoka upande mmoja wa mdomo.

"Daftari linaruhusiwa kutoka. Kalamu, sijui kama ataweza kuishika."

Nilifika hospitali saa tano na nusu. Binti yangu alikuwa kando ya kitanda. Hakunitazama. Nililiweka daftari kwenye mapaja ya mkwe wangu, nikamweleza masharti yote, pamoja na kwamba anaweza kukataa.

Mkono wa kulia ulikuwa na dripu. Aliishika kalamu kwa wa kushoto. Alianza kuandika jina, herufi moja inapanda, nyingine inashuka. Nilidhani ataishia kwenye jina na neno moja la maumivu. Aliendelea. Aliijaza safu, akatoka nje ya mstari, akaingia kwenye mstari wa chini. Nilikaa nikiangalia dirisha hadi aliposema, "Tayari, Mama."

Aliandika hivi, nami nimenakili kama alivyoandika: "nina mawe miaka miwili nakojoa damu nimewaficha wakubwa wangu na mke wangu na mama. nimewafundisha vijana mia tano wasinywe maji. naomba nitibiwe naomba na wao waitwe"

Hakuna nukta inayostahili, hakuna herufi kubwa. Sikugusa kitu. Hakuna ripoti iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo katika daftari langu.

Binti yangu aliisoma juu ya bega langu. Akaniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Nilimpigia Koplo kumwambia tumefika ishirini na nane na kwamba Sajini ameandika kwa mkono wake. Sikumwambia amtangazie mtu yeyote. Koplo hahitaji kuambiwa.

Nilirudi kambini saa tisa kasorobo. Nje ya kliniki palikuwa na mstari. Wakufunzi wanane, watu wazima wenye vyeo na sharubu, wamesimama juani kimya. Wa mbele alikuwa Sajini-Meja, ambaye kwa miaka ishirini sijamsikia akikohoa.

"Mama, tumeambiwa daftari lilikuwa safarini," akasema. "Tumelisubiri."

Wote wanane walipimwa. Sita wana mawe, wawili wana picha zenye shaka na watarudiwa. Waliojiandika ni thelathini na sita. Saa kumi kamili nilipiga mstari chini ya jina la mwisho.

Jumatatu, 24 Februari

Mkwe wangu ameruhusiwa kutoka hospitali akiwa na mrija ndani. Bingwa amempanga Ijumaa ya tarehe 7, wa mwisho kabisa, mkojo ukishakuwa safi. Wale wakufunzi wawili wenye picha za shaka wamerudiwa, nao wana mawe.

Jumatatu, 3 Machi

Lori limefika saa moja asubuhi. Mashine ni kubwa kama jiko la kambi. Mlango wetu ulikuwa mdogo kwa vidole vinne. Mafundi waliung'oa pamoja na fremu. Hadi jioni wagonjwa wanane, tukawalaza kwenye ukumbi wa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Ishirini na mmoja. Mitetemo inasikika kama mtu anayegonga meza kwa kijiko. Askari waliolala pale hutoka wakiwaambia waliobaki kwamba haiumi. Inauma kidogo. Sijawasahihisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe wangu alikuwa wa thelathini na sita. Mkojo wake ulipimwa mara mbili, safi. Jiwe lilikuwa kubwa kama punje ya mahindi. Alilala mezani saa nne asubuhi, na mimi nilisimama upande wake wa kushoto, kazini. Mashine iligonga mara elfu mbili na mia tano. Kwenye kioo niliona jiwe likipoteza ncha zake, kisha likawa ukungu.

"Figo zake zinafanya kazi, Mama," Bingwa aliniambia. "Zote mbili. Mwachie makuruti wake."

Kamanda alikuja saa nane. Alitembea kitanda hadi kitanda, akasoma daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, akatumia muda mrefu kwenye ule wa mwandiko wa kushoto. Kisha akaniuliza kama magoti yangu yanaweza kunibeba mwaka mwingine, kwa kuwa kliniki haitafungwa. Nilimwambia yataulizwa. Nilikuwa nimekwisha kukubali.

Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa ukumbini nikiwapanga waliomaliza kwa ajili ya dawa, watu kumi na tisa, wakufunzi, wapishi na madereva, kila mmoja na chujio lake. Mlango wa choo ukafunguliwa. Mkwe wangu akatoka, chujio amelibeba kwa mikono miwili. Alinitafuta kwa macho. Hakusimama hatua tatu. Alikuja hadi mbele yangu kabisa, na mbele ya watu wote akasema kwa sauti iliyotikisa madirisha:

"Mama! Yametoka!"

Mama Nukta halii kazini, kwa hiyo nilisema neno la kwanza lililokuwa karibu.

"Mangapi?"

"Sijahesabu, Mama."

"Hesabu."

Aliinamisha kichwa juu ya chujio, akanyoosha kidole. "Moja!" akasema. Na wale kumi na tisa, bila kuamriwa na mtu, wakakaza migongo na kuhesabu pamoja naye, mbili, tatu, nne, kwa sauti kamili ya gwaride, hadi tisa.